Biskuti za Oti za Njiani

Shangazi yangu hapendi oti. Alisema tangu siku ya kwanza kwamba uji wake hauna ladha wala heshima. Lakini mwanawe aliyeko Dar es Salaam alikuwa amesikia kwamba oti ni nzuri kwa wazee, na yeye akishasikia jambo jema kwa wazee, basi mama yake ajiandae. Makopo yakawa yanakuja kwa basi, moja baada ya jingine, na shangazi akayapanga juu ya kabati lake huko Chemchem, Tabora. Kila kopo likifika alimpigia mwanawe simu, akamshukuru kwa sauti tamu kama kasida, akakata simu, akasonya.

Nampenda shangazi na ninamwogopa, na sijaona kwamba vitu hivyo viwili vinagombana. Ni dada wa baba yangu, wa pekee, na ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Kwa miaka mingi harusi za Chemchem hazikukamilika bila keki zake, na keki zote alizioka uani kwa jiko la mkaa, sufuria kubwa, mchanga mkavu na bati la kufunikia. Kisha nuru ya macho ikaanza kumtoka. Presha ya macho, walisema hospitali, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Sasa anauona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu anayepita mbele yake, basi. Nyumba yake hata hivyo anaijua kuliko ninavyoijua yangu, na mimi naona. Sharti lake ni moja, kila kitu kikae pale alipokiweka. Siku moja nilihamisha kibao cha mbuzi cha kukunia nazi hatua chache tu ili nifagie, na nilisemwa mpaka majirani wakanionea huruma.

Binamu yangu, huyo mwanawe, ni mtu mwema. Ningependa kusema ni mtu mbaya, ugomvi ungekuwa rahisi. Anampenda mama yake kwa hofu. Kila alipopiga simu aliuliza kwanza kama jiko limezimwa, ndipo akaamkia. "Mama," alimwambia mara nyingi, "moto na macho hayo haviwezi kukaa nyumba moja." Shangazi alimjibu kwamba vimekaa na havijagombana. Basi mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, joto likiwa limeiva na mvua bado ni tetesi, binamu yangu akaja Tabora na tiketi mbili za kurudi. Alikuja kumchukua mama yake akaishi naye moja kwa moja.

Shangazi hakubisha, na hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angepiga kelele. Alikwisha kukaa Dar es Salaam mara moja, kabla ya hapo, kwa mwezi wa Ramadhani. Aliporudi nilimuuliza kulikuwaje. "Nilikaa kama begi la mgeni," alisema. "Kila mtu ananihamisha kwa adabu." Mkwewe hakumruhusu kugusa hata kijiko. Akisimama, anashikwa mkono. Akiuliza jikoni ni wapi, analetewa chai. "Mkwe wangu ana roho nzuri," aliniambia, "na hiyo ndiyo taabu, maana mtu mbaya ningemshinda." Kwa hiyo nilijua anakoelekea. Mwanamke aliyeoka keki za harusi za mtaa mzima alikuwa anakwenda kukaa kwenye kochi, ghorofani, hadi mwisho wake. Nilisikia uchungu, lakini sikuingilia, kwa sababu mtoto wake ni binamu yangu, si mimi.

Sasa, kwetu kuna jambo moja kuhusu safari, na bila hilo mengine hayataeleweka. Babu wa babu yetu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo hadi pwani na kurudi, kama nusu ya mababu wa mji huu. Ukoo ulisahau jina lake la utani, ukasahau kaburi, lakini sharti lake la masurufu haukulisahau. Chakula cha njiani hufungwa na anayebaki. Msafiri hakijazi, hakifungi, na fundo haligusi mpaka mji uwe nyuma yake. Ukijifungia mwenyewe umetangaza kwamba hukuacha mtu nyumbani, na asiyeacha mtu nyumbani atarudi kwa nani? Nilipokwenda chuo, shangazi alinifungia karanga na michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikauke. Nilijaribu kuchomeka sabuni yangu chini ya fundo nikapigwa kofi la mkono. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa malori, na hakuwahi kutoka nyumbani kwake bila furushi la kanga kwenye kiti cha pembeni. Binamu yangu alikua akiliona furushi hilo.

Ndiyo maana jioni ya pili ya kufika kwake aliniita pembeni akaniambia, "Dada, wewe ndiye unayebaki. Mfungie mama masurufu yake."

Nikasema sawa. Mtu akiambiwa hivyo husema sawa.

Kesho yake asubuhi nilipokwenda kuamkia, shangazi alikuwa ameketi barazani na kopo la oti mapajani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mama. Leo baada ya adhuhuri naoka. Niletee unga, siagi, yai na vanila kidogo."

"Unaoka nini?"

"Biskuti za oti na chokoleti. Mjukuu wangu amenitumia kwa sauti kwenye simu jinsi wanavyofanya kwao. Nimesikiliza mara nyingi mpaka nimejua na alipokosea."

Nilimwambia tuokee kwangu Kitete, nina oveni ya gesi yenye kioo mbele. Aliuliza kioo hicho kingemsaidia nini. Nikaona aibu, kisha nikacheka, naye akacheka, tukamaliza. Nilikwenda mjini kwa muuza duka wa Kihindi ambaye shangazi amenunua siagi kwao tangu duka likiwa la baba yake. Aliposikia siagi ni ya nani aliacha kupima mchele wa mteja mwingine. "Mama anaoka?" aliuliza. "Nilisikia anahama." Nikamwambia yote mawili ni kweli. Akatikisa kichwa na kunifungia siagi kwa gazeti mara mbili ili isiyeyuke njiani.

Chokoleti nayo ilikuwa ya mwanawe. Ililetwa kwa basi wakati wa Idi, ikayeyuka njiani, ikaganda tena ndani ya mfuko ikiwa imechukua umbo la mfuko, na juu imepiga weupe. Mimi ningeitupa. Shangazi aliipapasa akasema haijaharibika, imechoka safari tu.

Adhuhuri ilipopita tulikaa uani sisi watatu. Binamu yangu alikuwa ameweka kiti karibu na jiko kuliko ilivyohitajika, mikono magotini, tayari kuruka. Shangazi alijifunga kanga juu ya magoti, ncha zote akazichomeka kiunoni, akapapasa vyombo vyake vilivyopangwa upande wa kulia: bakuli, mwiko, kikombe, koleo la mkaa, kitambaa kinene. Akaniambia, "Wewe nipe ninachokuomba tu. Macho yako nayataka, mikono yako iache."

Nilikuwa nimekuja na pakiti nzima ya unga. Akachota kikombe kimoja, akausawazisha kwa kidole, akaifunga pakiti.

"Shangazi, safari ndefu hii," nikasema. "Na nyinyi ni wawili."

"Kikombe kimoja."

Binamu yangu akacheka kidogo. "Mama, hizo hata Singida hazifiki."

"Zitafika," akasema shangazi, akaendelea. Mimi nilidhani ni joto, au ni uchoyo wa siagi, maana watu wa zamani siagi wanaiheshimu. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Alisaga siagi na asali ndani ya bakuli mpaka mwiko ukaacha kukwaruza. Mjukuu alikuwa ametaja sukari ya kahawia, na shangazi alisema sukari ya kahawia ya nini Tabora, mji ambao asali inauzwa kwa madumu. Yai alilivunjia kwenye kikombe, akalinusa, akalimimina pamoja na vanila. Chokoleti aliikata kwa kisu kikubwa huku vifundo vya mkono wa kushoto vikiongoza ubapa wa kisu, vipande vikawa sawasawa kama vimechaguliwa. Kisha oti, nyingi kuliko unga. "Leo ndipo mtaleta faida," aliyaambia makopo. Alipomaliza kuchanganya aliliweka bakuli ndani ya beseni lenye maji ya mtungi, akalifunika kwa kitambaa kibichi, ili mchanganyiko ugande kabla ya moto. Muda huo wote sikumwona akitafuta kitu. Mkono wake ulikwenda ukakikuta. Nimewahi kuwaona watu wakifanya kazi kwa haraka na wengine kwa ustadi, lakini yeye alifanya kwa amani, na nilitamani mwanawe aione amani hiyo badala ya kutazama moto peke yake.

Jiko likakolea. Alijua limekolea kwa kulipitishia kiganja juu, akihesabu kimya kimya, akauondoa mkono alipotaka. Sufuria kubwa yenye mchanga ikakaa juu ya jiko, ndani yake vijiwe vitatu, juu ya vijiwe sinia dogo lenye madonge machache ya biskuti. Akafunika kwa bati na kupalia mkaa juu, mkaa kidogo tu. Asali inaungua upesi, alisema, moto wa juu ukizidi biskuti itakuwa nyeusi usoni na mbichi tumboni.

Shangazi alikaa ameelekeza pua kwenye sufuria. Mwanzo ilinuka siagi tu. Baadaye ikaja asali, nzito, na nyuma yake oti zikaanza kunukia kama karanga zinazokaangwa. Mimi ningetoa hapo. Nilifungua mdomo, akainua kidole, nikaufunga. Alisubiri mpaka harufu ya asali ikageuka kidogo, ikapata uchungu wa mbali, ndipo akashika ukingo wa bati kwa koleo akaliinua.

Kipande cha mkaa kikateleza kikaanguka.

Binamu yangu alisimama, kiti kikapinduka nyuma yake. Mimi pia nilisimama. Kile kipande kilikuwa chini, chekundu, karibu na mguu wa kulia wa shangazi.

"Tulieni," akasema shangazi, na sauti yake ilikuwa ile ya kututuliza utotoni. Aliliweka bati mahali pake, taratibu, juu ya matofali. Akageuza uso kidogo, akasikiliza, akausogeza mguu nyuma, kisha akainama na kupitisha kiganja cha mkono juu ya ardhi mpaka joto likamwambia. Koleo likashuka, likashika, likarudisha mkaa jikoni. Baada ya hapo akatoa sinia. "Zimeivaje?" akaniuliza, na nikajua anataka kusifiwa.

Zilikuwa zimeiva kwa rangi ya asali yenyewe, kingo kavu, katikati laini, chokoleti imeyeyuka hapa na pale. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba sijawahi kuona kitu kama hicho, na sikuwa nasema habari za biskuti. Akaoka sinia baada ya sinia mpaka bakuli likaisha, na halikuwa na mengi ya kuisha. Binamu yangu alikula moja amesimama. Alitafuna polepole, uso wake ukalegea ukawa wa zamani, akanyoosha mkono tena.

"Hiyo ya pili ni ya njiani," akasema mama yake, bila kugeuka.

Jioni binamu yangu alinifuata mlangoni nilipokuwa naondoka.

"Umeuona ule mkaa?"

"Nimeuona."

"Ungeangukia kanga je?"

"Haukuangukia."

"Siku moja utaangukia, dada, na mimi niko mbali kule."

Alikuwa anasema kweli. Kilichoniuma ni hicho hasa. Kama angekuwa anasema uongo ningelala vizuri. Akaniuliza kama nimeshamfungia mama. Nikasema bado, nitafunga nyumbani.

Nyumbani nilikuwa na kila kitu. Karanga nilikwisha kukaanga, michembe nilikwisha kununua, kanga mpya ya kufungia ilikuwa mezani. Nikaitandaza. Nikaweka karanga katikati, nikaweka michembe juu yake, nikashika ncha mbili. Nilishindwa. Niliona nikilivuta fundo lile nitakuwa nimesema kwa mikono yangu kwamba shangazi ni mtu wa kwenda na mimi ni mtu wa kumsindikiza. Nilivirudisha vyote kwenye makopo, nikaikunja kanga, nikamkasirikia kila mtu kuanzia nafsi yangu.

Asubuhi nilifika Chemchem mikono mitupu. Bajaji ya kwenda stendi ilikuwa imeshasimama nje. Sanduku la shangazi lilikuwa mlangoni, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa dira lake zuri la kijani na ushungi mweupe. Nilipomwona hivyo nilikata tamaa, maana dira lile ni la kutokea. Nilimwamkia, akaitika, akaingia chumbani na kutoka na furushi dogo la kanga lenye fundo la juu, limekazwa kama alivyoyakaza yote ya marehemu mume wake. Akamwendea mwanawe, akaitafuta mikono yake, akamwekea.

"Lete nikubebee, mama," akasema binamu yangu.

"Sikupi unibebee. Ni masurufu yako."

"Yetu."

"Yako, baba. Kikombe kimoja cha unga ni cha mtu mmoja."

Hapo ndipo nikaelewa, na nikaona kwamba binamu yangu naye ameelewa, maana alilitazama lile fundo na hakuligusa. Dereva wa bajaji alipiga honi.

"Mama, tiketi zipo. Tumeshakubaliana."

"Nimekusikiliza, sikukukubalia. Wewe unasafiri na umefungiwa na anayebaki. Mimi kama nasafiri, niambie masurufu yangu yako wapi. Nani kanifungia?"

Binamu yangu akageuka, akanitazama. Alitazama uso wangu, akashusha macho akatazama mikono yangu.

"Dada, hukumfungia?"

"Sikumfungia," nikasema. "Na sitamfungia."

Alikaa juu ya sanduku la mama yake, mtu mzima mwenye watoto watatu, furushi mapajani. Alilia bila kujificha. Shangazi alisimama pale pale mkono begani kwake, akamwacha amalize. Baadaye binamu yangu akauliza, kwa sauti ya chini, na ule mkaa je? Alikuwa ananiuliza mimi. Nikamwambia moto hautawashwa katika nyumba hii bila mimi kuwa uani. Kitete si mbali, nitakuja kila jioni, na siku nisipokuja jiko litalala baridi na shangazi atakula mkate. Niliyasema hayo nikijua ninajifunga, na nilijifunga kwa furaha.

"Aje," akasema shangazi. "Anapenda kula huyu, hatakosa siku."

Binamu yangu akacheka katikati ya machozi. Akainuka, akamkumbatia mama yake muda mrefu kuliko bajaji ilivyopenda, akaondoka na begi lake na furushi lake. Sanduku tulilirudisha chumbani sisi wawili, na shangazi alihakikisha limekaa pale lilipokuwa. Nikamuuliza dira la kutokea lilikuwa la nini basi, kama alijua haendi. "Mtoto wangu anasafiri," alisema, "nimuage na nguo ya kushindia?"

Binamu yangu alipiga simu basi lilipokuwa limepita Igunga. Niliiweka kwa sauti ili shangazi asikie, ikaja na kelele za basi. Aliuliza kwanza kama jiko limezimwa. Nikamwambia halijawashwa. Akasema hajafungua masurufu bado, ingawa mji umeshakuwa nyuma sana. Alikuwa amekaa, alisema, na kiti cha pembeni, kile cha dirishani alichomkatia mama yake, kilikuwa hakina mtu. Konda alikuja kuuliza kama kiti kiko wazi, kuna abiria amesimama.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nimemwambia abiria akae kiti changu. Mimi nimesimama hapa kidogo. Kwenye kile cha dirishani nimeliweka furushi. Nimemwambia kina mwenyewe."

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake uani, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Akaupitisha ushungi machoni. Kisha akanyoosha mkono kuitafuta simu, nikampa, akaisogeza karibu na mdomo.

"Dirishani kuna jua," akasema. "Kaa, ulipakate, baba. Chokoleti hiyo imeshayeyuka mara moja."